Tufe la kilo nne: kisa cha kutambua risasi ya zamani ya mzinga

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Kenya. Majina, mtaa na picha vimeondolewa kwa ombi la wenyewe. Vipimo vimeachwa kama vilivyoandikwa siku ile. Nakiandika kwa watu wa makavazi, walimu wa historia, na yeyote atakayeletewa chuma cha mviringo na kuambiwa, "Hii ni ya Mreno."

## Usuli

Familia ilikuwa na tufe la chuma lililoshika kutu, la kuenea kwenye kiganja cha mtu mzima. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja tu: kuzuia mlango wa uani usibamizwe na upepo wa kusi. Bibi mwenye nyumba alilikuta hapo alipoolewa. Marehemu mumewe alikuwa akisema lilinaswa na nyavu. Shemeji yake akisema la, lilifukuliwa wakati wa kuchimba shimo la choo kwenye kiwanja cha ukoo karibu na bandari ya kale. Hakuna aliyeandika lolote, na kiwanja chenyewe kilishauzwa, kikajengwa ghorofa.

Mambo yalianza nyumba ilipopakwa rangi. Mjukuu alilitoa tufe nje, akalisugua kwa brashi ya waya, akalilaza kwenye siki usiku kucha ili ling'ae, kisha akalipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Haukupita muda dalali akawa barazani. Bei aliyotaja ilimfanya kijana aanze kuota pikipiki, ila ilikuwa na sharti: kiwepo cheti cha mtaalamu kinachosema kuwa risasi hiyo ilitoka kwenye Santo António de Tanná, meli ya vita ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, katikati ya mzingiro wa Waomani wa 1696 hadi 1698.

Hapo nikaitwa. Mimi ni fundi wa kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, na watu wa makavazi huniuliza pale kitu cha chuma kinapowatatiza. Baada ya shikamoo na chai, bibi aliniambia, "Mwanangu, cheti ni shauri lao. Mimi nataka kujua nimeishi na kitu gani mlangoni." Tukakubaliana kuifanya kazi ya bibi, na dalali asubiri.

## Baruti kwanza

Risasi za mzinga za zamani ni za namna mbili kubwa. Kuna tufe lililojaa chuma mpaka kiini, ambalo huumiza kwa uzito wake na mwendo wake. Na kuna kombora, ambalo ndani lina uwazi uliotiwa baruti, na tundu la utambi upande mmoja. Baruti nyeusi haizeeki kwa namna ya kumfariji mtu. Mwaka 2008, huko Virginia, Marekani, mkusanyaji mzoefu aliuawa na kombora la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, alipokuwa akilisafisha nyumbani kwake. Kwa hiyo swali la "ni la nani?" halikuwa na haraka. La haraka lilikuwa "je, lina kitu ndani?"

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuacha. Hakuna nyundo, hakuna kekee, hakuna moto, hakuna brashi tena. Kijana alitaka tulipeleke hospitali likapigwe eksirei. Wazo si baya, lakini mashine ya hospitali haipenyi sentimita kumi za chuma. Ungepata doa jeupe na bili. Kazi hiyo ina mitambo yake ya viwandani, na hatukuwa nayo. Tulikuwa na macho na tochi ya simu.

Tukazima taa ya ukumbi, nikailaza tochi ubavuni ili kila kijinundu kitupe kivuli, na bibi akaligeuza tufe polepole juu ya taulo. Upande mmoja lilijitokeza doa la duara, pana kiasi cha milimita 22, limenyanyuka kidogo na lina makovu. Kijana alirudi nyuma. Ukubwa huo ni sawasawa na ambao mtu angeutarajia kwa tundu la utambi lililozibwa na kutu.

Doa hilo ndilo kiini cha kisa hiki, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Tundu lililozibwa huwa na mpaka: ukizungusha mwanga unaona duara kamili, na kizibo chake mara nyingi ni cha mti au shaba, kwa hiyo rangi yake na kutu yake ni tofauti na chuma kinachokizunguka. Doa letu halikuwa na mpaka. Chuma chake kiliungana na cha mwili wa tufe bila mkato wowote, na makovu yake yalikwenda upande mmoja, kama kawaida ya patasi. Zaidi ya hapo, palikuwa na ukingo mwembamba uliolizunguka tufe zima kwenye kiuno chake, na ukingo huo ulipita katikati ya doa. Kwa mtu wa karakana hiyo ni picha ya kila siku. Kalibu ya vipande viwili huacha mshono pale vipande vinapokutana. Chuma humiminwa kupitia mdomo, na mdomo mara nyingi huwa kwenye mshono huohuo. Kikishapoa, kishina cha mdomo hukatwa na kuchongwa. Doa lilikuwa kovu la kishina.

Nilimwambia bibi kwamba hiyo inatupa utulivu, lakini siyo ruhusa ya kulitoboa. Bado palihitajika uzito.

## Kilo nne, sentimita kumi

Tulitumia mzani wa kidijitali wa kuning'inizia, tukiujaribu kwanza kwa pakiti mbili za unga za kilo mbili. Tufe lilikuwa na kilo 3.86. Mzingo tuliupima kwa utepe wa fundi cherehani, mara kadhaa kwa pande tofauti: mdogo ulikuwa sentimita 31.7 na mkubwa 32.1. Kipenyo cha wastani kikawa milimita 101.5 hivi.

Kisha tukalitia kwenye wavu wa vitunguu, tukalining'iniza kwenye mzani huohuo na kulizamisha lote katika ndoo ya maji ya bomba bila kugusa chini wala ubavu. Mzani ukashuka hadi kilo 3.31. Tofauti ya gramu 550 ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa tufe ni kama sentimita 550 za ujazo. Gawa, unapata gramu 7.0 kwa kila sentimita ya ujazo.

Namba hiyo ina maana kubwa, kwa sababu kilo nne na sentimita kumi ni mtego. Risasi ya Kiingereza ya ratili tisa ilikuwa na kipenyo cha inchi nne hivi, milimita 102, na uzito wa kilo 4.08. Tufe la michezo la wanawake, lile ambalo liko katika shule nyingi za sekondari, ni kilo 4 na kipenyo cha kati ya milimita 95 na 110. Na gololi ya chuma cha pua, ile inayosagia mawe ndani ya vinu vya viwanda vya saruji na migodi, ikiwa ya milimita 100 ina kilo 4.1. Vitu vitatu, vya karne tofauti na kazi tofauti, vinafanana mkononi kiasi kwamba mtu akifunga macho hawezi kuvitenganisha. Pwani ina viwanda vya saruji, na gololi zilizochakaa zimezagaa kwa wauza vyuma chakavu. Mengi ya matufe ya "Mreno" ambayo nimeonyeshwa yalikuwa gololi.

Kinachotenganisha ni uzani wa chuma chenyewe. Chuma cha pua kina gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo. Tufe la ukubwa wetu likiwa la chuma hicho lingekuwa na kilo 4.3 hivi. Chuma cha kusubu cha kijivu kiko kati ya 7.0 na 7.3. Kombora tupu la ukubwa huo lingekuwa na takriban theluthi mbili ya uzito wa tufe lililojaa, yaani kama kilo 2.6. Letu liliangukia kwenye chuma cha kusubu kilichojaa.

Tahadhari moja hapa. Kuna makombora ya aina aliyobuni Henry Shrapnel, afisa wa Kiingereza, mwaka 1784: ndani yake mlijazwa risasi ndogo za bunduki. Uzito wake unaweza kukaribia wa tufe lililojaa, kwa hiyo mzani peke yake hautoshi kumwambia mtu "usiogope". Sisi tulikuwa na mzani pamoja na kovu la kishina, na uso mzima tuliokwisha kuukagua bila kuona tundu. Kama sehemu yoyote ingebaki imefunikwa na gamba tusiweze kuiona, hatua iliyofuata ingekuwa kupiga simu polisi ili waje wataalamu wa milipuko, hata kama mtaa mzima ungecheka.

Na yule dalali? Alikuja na sumaku, akaibandika kwenye tufe, ikashika, akatabasamu. Sumaku hushika risasi ya mzinga, gololi, tufe la shule na kikaango cha chuma cha bibi.

## Kutu ilisema nini

Brashi na siki vilikuwa vimeshakula sehemu kubwa ya ushahidi wa juu. Lakini kwenye shimo moja dogo karibu na mshono palibaki gamba jeupe, na ndani yake vimirija vya chokaa vilivyojikunja, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Hivyo hujengwa na minyoo wa baharini. Tufe hili liliwahi kukaa kwenye maji ya chumvi, na kwa muda wa kutosha kujengewa nyumba juu yake. Kuhusu ugomvi wa marehemu na shemeji yake, gamba liliegemea upande wa nyavu, ingawa kiwanja cha kando ya bandari nacho huenda kilijazwa mchanga wa pwani.

Jambo la pili tuliliona asubuhi moja yenye unyevu. Tufe lilikuwa limetoa matone madogo ya rangi ya chungwa, kama jasho. Ni dalili ya chumvi iliyojificha ndani ya kutu: hunyonya unyevu wa hewa na kuendelea kukila chuma kutoka ndani. Ni ushahidi mzuri wa bahari, na ni habari mbaya kwa tufe.

La tatu ndilo lililonishawishi zaidi. Pembeni ya shimo lile, chini ya kutu, palikuwa na tabaka la kijivu, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha, na kidole kilichopita juu yake kilitoka na weusi wa penseli. Chuma cha kusubu cha kijivu kina vipande vya grafiti, kaboni ileile ya penseli, ndani yake. Maji ya chumvi yakikila chuma kwa muda mrefu, grafiti hubaki ikishikilia umbo lilelile huku chuma kimeondoka. Chuma cha pua hakifanyi hivyo, wala zile gololi za kusubu zenye kromi nyingi, ambazo nazo zina mshono na kovu la kishina na zingeweza kutudanganya kwa macho. Karakana moja ilitusaidia kwa kifaa cha mkononi cha eksirei cha kutambua madini: chuma karibu chote, kromi haikuonekana, manganizi kidogo. Gololi ikatoka kwenye orodha.

Tufe la michezo lilibaki kama mpinzani dhaifu. La kisasa hukerezwa kwa mashine, kwa hiyo mzingo wake ni uleule kila upande na kwa kawaida halina mshono wala kovu. Letu lilitofautiana kwa milimita nne za mzingo, na nusu zake mbili zilipishana kidogo kwenye mshono, dalili ya kalibu iliyoteleza. Shule inaweza kuwa na tufe bovu la kusubu, sikatai. Lakini kulitupa baharini, kulivua, na katikati kulipa muda wa kugeuka grafiti, ni hadithi ndefu kuliko ile iliyo rahisi.

## Ni la nani?

Hapa ndipo dalali alipokosa subira, na nadhani wasomaji wengi nao watakosa. Kama tumeshajua kuwa ni risasi ya mzinga, kwa nini tusiseme ni ya Mreno?

Kwa sababu ratili hazikuwa moja. Ratili ya Kiingereza ni gramu 454, ya Kireno 459, ya Kifaransa 489, ya Kiholanzi 494 hivi. Kilo 3.86 ni ratili nane na nusu za Kiingereza, au pungufu kidogo ya hizo kwa Kireno, au karibu nane kamili za Kifaransa, na kidogo chini ya nane kwa Kiholanzi. Ongeza chuma kilicholiwa na kutu, na risasi ya tisa ya Mwingereza, ya tisa ya Mreno na ya nane ya Mfaransa au Mholanzi zote zinaingia kwenye nafasi ileile. Anayetaja taifa kwa mzani wa tufe lililotoka baharini anabahatisha.

Historia ya mji nayo haipunguzi orodha. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Waomani waliichukua Desemba 1698. Wareno wakairudia kwa muda mfupi mwaka 1728, kisha wakatolewa. Ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa na kupambana na Busaidi, ukoo wa masultani wa Oman na Unguja, hadi 1837, na katikati ya hayo Waingereza waliweka bendera yao kuanzia 1824 hadi 1826. Wote hao walikuwa na mizinga ya kupiga risasi za mviringo, na mizinga yenyewe ilitekwa, ikanunuliwa, ikahamishwa kutoka meli hadi ngome. Mzinga wa taifa moja kupigwa na askari wa taifa jingine kwa risasi iliyosubiwa kwingine lilikuwa jambo la kawaida.

Alipoona ya 1697 haipiti, dalali alikuja na nyingine: basi ni ya shambulio la Unguja la tarehe 27 Agosti 1896. Hilo lilikuwa rahisi kulikataa. Kufikia mwaka huo meli za Kiingereza zilizoshambulia jumba la sultani zilikuwa na mizinga yenye mifuo (mikato ya kulizungusha kombora) ndani ya mtutu, na makombora yake yalikuwa marefu yenye ncha. Tufe la mviringo halikutoka humo.

Na hata ile ya meli, kama ingekuwa kweli, ingemtia dalali matatani. Mabaki ya Santo António de Tanná yalichimbuliwa na wataalamu kuanzia 1977 na vitu vyake vikaingia makavazini Ngome ya Yesu. Risasi ya meli hiyo ikiwa mkononi mwa mtu binafsi, swali la kwanza litakuwa aliitoa wapi.

## Uamuzi na matokeo

Maandishi niliyoyatoa yalikuwa ya mistari mitatu: risasi ya mzinga wa mtutu laini, ya chuma cha kusubu, iliyojaa, haina dalili ya tundu la utambi, imekaa baharini au kwenye udongo wa chumvi, ni ya kati ya mwisho wa karne ya 16 na katikati ya karne ya 19, taifa halijulikani, mahali ilipopatikana hapajathibitishwa. Dalali aliyasoma, akaomba neno "halijulikani" liondolewe. Halikuondolewa. Hakurudi.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Bibi aliposomewa alisema, "Basi wachukue, lakini wanipe kingine cha kuzuia mlango." Tufe lilikabidhiwa kwa makavazi, na sasa limelazwa kwenye maji yenye kostiki soda yanayobadilishwa mara kwa mara ili kuitoa chumvi. Kabla ya kufika huko, wakati wa mabishano ya cheti, lilikaa juu ya kabati kavu na kuachia gamba moja pana kuliko kidole gumba, pamoja na sehemu ya mshono. Lilistahili kupelekwa makavazini siku ya kwanza baada ya vipimo, na mtu yeyote angeweza kulifanya hilo.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni mpangilio wa maswali. Usalama, kisha aina ya chuma, kisha kazi ya kitu, na taifa mwisho kabisa. Dalali alitaka tuanzie mwisho, na kila mtu mwenye bei kichwani huanzia hapo. Vifaa vilivyotoa majibu mazito, yaani tochi, utepe, ndoo na mzani, vilipatikana nyumbani. Kifaa cha eksirei kilithibitisha tu. Lakini utepe unahitaji uangalifu: kosa la milimita mbili kwenye mzingo hubadilisha ujazo kwa karibu asilimia mbili, ndiyo maana kipimo cha majini kilikuwa cha lazima.

Kilichoharibu ni usafi. Siki haikumwondolea kijana kutu tu. Iliondoa gamba ambalo lingeweza kuonyesha kama tufe lilikaa kwenye mchanga, matumbawe au matope, na huenda lingemaliza ubishi wa nyavu na shimo la choo. Simlaumu, kitu kikipigwa picha kinatakiwa kipendeze. Hasara kubwa zaidi hata hivyo ilitokea miaka mingi kabla yake, pale tufe lilipofika nyumbani bila mtu kuandika hata jina la mahali. Chuma kilitueleza kazi yake na safari yake ya baharini. Hakikuweza kutueleza lilipigwa na nani, kumpiga nani, au kama liliwahi kupigwa kabisa: huenda lilidondoka tu kutoka mashuani likipakuliwa.

Makavazi wameandika majina ya mitaa yote miwili inayotajwa na familia kwenye kumbukumbu za tufe. Nyumba za upande ule wa bandari bado zinavunjwa na kujengwa upya, na mafundi wa msingi wa eneo hilo wameshaombwa wasikitie siki chochote cha mviringo watakachokifukua. Likipatikana jingine likiwa bado ardhini, pamoja na vigae vya kuonyesha umri wa tabaka lake, mistari ile mitatu itaandikwa upya.